Mawe ya Foleni

Kwa miezi kumi na moja Mama Mujibu alikuwa haitikii shikamoo ya Afande Sabina. Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, Sabina alipita mbele ya ile nyumba ya tofali za kuchoma inayotazamana na bomba la maji la Namkonda, akapunguza mwendo, akasema, "Shikamoo, Mama Mujibu." Na kila siku Mama Mujibu, ambaye jina lake mwenyewe ni Pili, aliendelea kufagia uwanja kana kwamba amepita kuku. Wala hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu! Alifagia tu.

Kama hujakaa huku juu Newala utasema, ah, shikamoo nayo ni kitu cha kumkosesha mtu raha? Inamkosesha, tena sana. Mlevi akiamkia anaitikiwa. Mwendawazimu wa sokoni anaitikiwa. Halafu mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ndani ya magwanda ya serikali, mwenye binti, Huruma, anayesoma sekondari, anaamkia na majirani wanasikia, na hakuna kinachorudi. Sabina alikuwa anafika kwenye chumba chake kidogo pembeni ya ofisi ya kata akiwa amechoka kabla hajaanza kazi.

Na sababu aliijua. Ndiyo maana hakuacha kuamkia.

Sabina ni mtu wa chini, upande wa Ndanda, ambako vijito vinashuka kutoka mlimani na mtoto anaoga mara mbili kwa siku bila kuulizwa. Baba yake alikuwa seremala. Polisi aliingia kwa kukosa ajira nyingine, asikudanganye mtu kwamba alikuwa na ndoto za utotoni. Alisimama kaunta Masasi mjini miaka kumi na miwili, akiandika maelezo ya wagomvi, kisha miaka miwili iliyopita akaletwa huku juu kuwa polisi kata, yaani askari mmoja wa kata nzima, asiye na gari wala silaha, kazi yake kuwajua watu na kujulikana nao.

Akawajua. Hilo ndilo lililomponza.

Vijana wa Namkonda na wa kijiji jirani cha Chiheku walikuwa wanakatana. Si kwa maneno, kwa mapanga. Desemba ya mwaka jana kijana mmoja alikatwa mpaka akakimbizwa hospitali, na kituo kikubwa kikatuma karandinga. Msako. Ijumaa jioni gari lilisimama mbele ya kibanda cha video, vijana wakazungukwa, na Sabina, kwa kuwa ndiye mwenye kuwajua, akaambiwa aonyeshe. Huyu? Ndiyo. Huyu? Hapana, huyu mgeni. Ikafika zamu ya Mujibu, mtoto wa Pili, miaka kumi na saba wakati huo, amekuja kuchaji simu. Sabina alikuwa na haraka, jasho linamtoka. Akasema, "Huyo naye yupo yupo nao."

Maneno hayo tu. Yupo yupo nao. Mujibu akapandishwa.

Alikaa mahabusu wiki tatu, kisha akaachiwa kwa kuwa hakuna aliyejua amefanya nini. Aliondoka mtoto wa kusukuma baiskeli ya maji na kumsaidia mama yake, akarudi anavuta sigara, ana marafiki wapya wanaompigia simu kutoka mbali, na kwenye baiskeli yake, chini ya tandiko, amefunga panga kwa mpira. Vijana wote wa maji wakafunga mapanga chini ya matandiko. Mapigano hayakupungua hata kidogo. Na Sabina akaanza kupita mbele ya ile nyumba na shikamoo yake.

Basi mwezi wa sita mwaka huu akaitwa Masasi kwenye warsha ya siku mbili. Alikwenda kwa ajili ya kupumzika, na kwa ajili ya wali nyama. Msemaji alikuwa mtafiti mmoja wa chuoni, kijana mwembamba aitwaye Faruku, anayeongea polepole kama mtu anayechambua mchele. Akawaambia askari kwamba wenzao katika nchi nyingine walijaribu jambo dogo: waliwaomba wauguzi waandike, kwa kila jeraha la ugomvi, siku, saa, mahali na chombo kilichotumika. Jina hapana. Kisha polisi wakaenda kusimama mahali penyewe kwa saa yenyewe, wakarekebisha kinacholeta ugomvi, na majeraha yakapungua.

"Mnachokijua kituoni ni kipande tu," alisema Faruku. "Wengi wanaoumizwa hawaji kwenu. Wanaficha." Kisha akasema jambo lililomfanya Sabina aache soda mezani: tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kijana asiye na kosa kubwa ukimkamata na kumchanganya na wakorofi, uwezekano wa kuwa mkorofi unaongezeka, haupungui.

Askari mmoja wa nyuma akacheka. Sabina hakucheka. Aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Mwishoni Faruku aliongeza, "Namba zitawaonyesha wapi na lini. Kwa nini, waulizeni wenyewe." Sabina aliandika sentensi ya kwanza. Ya pili hakuiandika, chakula kilikuwa kimeshafika.

Zahanati ya kata ina muuguzi mmoja wa vidonda, Severina, Mama Alfredi, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa na msimamo mgumu. Sabina alipomweleza shida yake, Severina alikunja mikono.

"Majina sitoi, Mama Huruma. Nikitoa jina moja tu, hawaji tena. Watafungia vidonda kwa majani na kuozea ndani. Nitakulaumu mpaka kaburini."

"Sitaki majina. Nayaogopa majina kuliko wewe."

Wakakubaliana. Daftari moja la kurasa themanini, mistari imepigwa kwa rula: siku, saa, mahali, chombo, sababu. Lingekaa kwenye droo ya Severina.

Mwanzoni daftari lilikuwa kichekesho. Kila kijana aliyekuja na mkono umechanika alisema, "Nimejikata nikipalilia mikorosho." Unajua kwa nini. Jeraha la ugomvi linataka PF3, ile fomu ya polisi, na PF3 inataka maelezo, na maelezo yanaleta karandinga. Kwa hiyo wote wakawa wakulima hodari ghafla. Ikafika hata mwezi wa kumi, korosho ziko chini zinaokotwa, mashamba yamesafishwa zamani, lakini vijana bado wanapalilia.

"Na wote wanapalilia kwa mkono wa kushoto umeinuliwa hivi," alisema Severina, akanyanyua mkono wake mbele ya uso. "Kidonda kiko hapa, nje, chini ya kiwiko. Jembe gani hilo linalokata huku? Huyu alikuwa anajikinga, mwenzangu."

Severina akabadilisha swali. Badala ya kuuliza nani kakukata, aliuliza huku anaosha kidonda, "Ulikuwa unatoka wapi, baba?" Mtu akioshwa kidonda anasema. Mpaka mwisho wa Oktoba daftari lilikuwa na majeraha thelathini na moja. Kituoni yalikuwa yamefika matano. Na kati ya hayo thelathini na moja, ishirini na mawili yalitokea sehemu moja, siku mbili za wiki, muda uleule. Si kwenye kibanda cha video. Si kwenye pombe. Bombani, Jumatano na Jumamosi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Sabina alisoma mara tatu. Alikuwa anapita pale kila asubuhi, saa ambayo hakuna kitu!

Huku juu maji ni ya mgao, yanakuja siku hizo mbili tu, na bomba la Chiheku lilikuwa limekauka, kwa hiyo vijiji viwili vinakutana kwenye bomba moja. Hakuna anayeweza kusimama foleni tangu alfajiri na shamba linamsubiri. Kwa hiyo watu wanapanga mawe. Kila nyumba ina jiwe lake linalolala pale bombani, unaliweka mstarini asubuhi, unakwenda zako, maji yakifunguliwa unakuja kusimama palipo na jiwe lako. Vijana wa baiskeli, wanaowachotea wenye maduka, wamezoea kuyasogeza mawe ya wengine nyuma. Hapo ndipo mtu anauliza nani kasogeza jiwe la mama yangu, na mwingine anainama chini ya tandiko.

Jumatatu Sabina akapeleka daftari kwa mkuu wake, Afande Ladislaus, mtu wa miaka mingi kazini, asiyependa makaratasi mapya. Alisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo unataka nisifanye msako?"

"Naomba Jumamosi moja, afande. Nisimamie bomba kwa utaratibu mpya."

Ladislaus akafungua droo, akatoa karatasi yenye majina kumi na manne ya watakaochukuliwa. La kwanza lilikuwa la Mujibu, kwa kuwa alishawahi kukamatwa. Hiyo ndiyo sababu pekee.

"Jumamosi moja," alisema. "Karandinga litakaa tayari Newala mjini. Ukiniambia kuna damu, hata ya mtu mmoja, linakuja, na hii karatasi inafanya kazi. Na usinidanganye, Sabina. Nikija kugundua umenidanganya, huo utaratibu wako sitausikiliza tena hata uje na daftari la dhahabu."

Mujibu mara ya pili! Usiku wa kwanza Sabina alilala, wa pili hakulala, na Alhamisi alimkaripia Huruma bure kwa kuacha sufuria bila kufunika.

Utaratibu aliupanga vizuri, tumpe haki yake. Chiheku watachota saa tisa, Namkonda saa kumi na moja. Baiskeli zitakuwa na zamu yao mwishoni. Na mawe yatoke. Daftari lilikuwa linasema wazi kwenye mstari wa chombo: mapanga kumi na moja, mawe kumi na manne, mengine fimbo. Jiwe ndilo linaloanzisha ugomvi, na jiwe ndilo linalopasua kichwa. Badala yake akakata makaratasi magumu, akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, moja mpaka mia. Ijumaa alasiri, watu wakiwa mashambani wanaokota korosho, yeye na Haji, mshika ufunguo wa bomba, wakayabeba mawe yote kwa toroli na kuyamwaga kwenye shimo la zamani la kufyatulia tofali, kina cha mtu na nusu.

Haji alijikuna kichwa. "Afande, tungewauliza kwanza."

"Mawe tu haya, Haji."

Jamani! Msichana wa Ndanda, aliyekulia kwenye majabali, angejuaje? Huku juu ni mchanga mtupu. Unaweza kuchimba kisima mpaka uone kesho, hukuti jiwe la kujaza kiganja. Kila jiwe lile lilitoka bondeni, upande wa Masasi, likapandishwa kwa kichwa au kwa baiskeli. Kuna aliyeletewa la kusagia na mama yake. Kuna aliyeletewa na mchumba.

Jumamosi saa nane Sabina alikuwa ameshasimama bombani na makaratasi yake mkononi. Saa tisa Chiheku wakaja. Maji hayakuja. Saa kumi hayakuja. Haji aliweka sikio kwenye bomba, akatikisa kichwa. Saa kumi na nusu Namkonda nao wakaanza kufika, na ule utaratibu wa saa tofauti ukafa pale pale, vijiji viwili vimekaa uwanja mmoja, madumu matupu, jua linachoma mgongoni.

Halafu wakaanza kuuliza.

"Afande, jiwe langu liko wapi?"

"Mtatumia namba, mama. Hii hapa namba yako."

"Namba nimeielewa. Nauliza jiwe."

Kizee mmoja wa Chiheku aliligeuza karatasi lake huku na huku. "Hili akiliokota mwingine, litasema ni langu?" Na kweli, dakika haikupita, vijana wawili wakawa wanavutana, kila mmoja anadai namba nne ni yake. Sauti zikapanda. Vijana wa baiskeli wa Namkonda wakasogea upande huu, wa Chiheku upande ule. Mujibu alikuwa katikati yao, sigara sikioni, mkono mmoja juu ya tandiko. Sabina akahesabu mipini ya mapanga kwa macho. Mmoja, miwili, mitano. Akaacha kuhesabu.

Simu ikalia. Ladislaus.

"Kuna damu?"

"Hakuna, afande."

"Mbona nasikia kelele?"

"Watu wanaongea, afande."

"Haya. Dereva yuko ndani ya gari," alisema, akakata.

Hapo Mama Mujibu akatoka nyumbani kwake. Hakubeba dumu. Alikata uwanja moja kwa moja, watu wakampisha, akasimama mbele ya Haji, hatua mbili tu kutoka kwa Sabina, akasema kwa sauti ya kusikika Chiheku:

"Haji, muulize afande wako. Jiwe la marehemu mume wangu, alilolitoa Masasi kwa baiskeli mwaka tuliooana, amelitupa wapi?"

Haji akamtazama Sabina. Watu wote wakamtazama Sabina.

Alikuwa na maneno ya kiaskari tayari. Tulieni, kaeni kwenye mstari, atakayevunja utaratibu. Alichokisema kilikuwa kingine.

"Nimekosea. Niliyatupa shimoni jana. Sikuwauliza. Nimekosea, mama zangu."

Huku kwetu watu wameshaona polisi wa kila namna, lakini wa kusema nimekosea walikuwa hawajamwona. Hata wale wa namba nne waliachiana. Sabina akavua kofia akampa Haji, akaenda mpaka ukingoni mwa shimo, akateremka na magwanda yake, viatu vyeusi vikizama kwenye mchanga. Akashika jiwe la kwanza akalinyanyua. Zito! Akalitua.

"Hapana, afande, utavunjika mgongo," alisema kijana mmoja wa Chiheku, akaruka ndani. Akafuata wa Namkonda, hakutaka aonekane mvivu. Baada ya muda walikuwa tisa mle shimoni, wamechanganyika, wanapokezana mawe mkono kwa mkono. Juu, Mama Mujibu amesimama ukingoni anayataja, maana miaka yote hiyo amekaa mbele ya lile bomba, anayajua yote.

"Hilo la Bi Sijaona. Hilo lenye mfereji la wale wa kona, Chiheku. Hilo liache, hilo tofali, mjinga gani kaweka tofali?"

Watu wakacheka. Sabina naye akacheka, mchanga mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akavuta pumzi mpaka mwisho.

Jiwe la Mama Mujibu lilikuwa chini kabisa, jeusi, pana. Mujibu mwenyewe akaliinamia upande huu, kijana wa Chiheku akalishika upande ule. Wakalipandisha mpaka usawa wa kiuno. Kisha likaponyoka.

Mujibu alipiga ukelele mmoja tu. Damu ikaingia kwenye mchanga, ukawa mwekundu, kila mtu akaiona.

"Damu!" alipiga kelele mtu wa juu. "Kampiga! Yule wa Chiheku kampiga!"

Wewe! Sabina alisikia mipira ya baiskeli ikifyatuka kule juu, pa, pa, mapanga yanatoka. Kijana wa Chiheku akabandika mgongo kwenye ukuta wa shimo, mikono juu, macho yamemtoka, yuko peke yake na kila mkono wa Namkonda unamtaka. Sabina akajitupa mbele yake. Hakuwa na rungu, hakuwa na kitu, alikuwa na mikono miwili tu. Akafumba macho.

"Hajanipiga!" Mujibu alikuwa amekaa chini ameshika mguu, anauma meno. "Jiwe limeniteleza mimi. Mimi! Nyie wehu, rudisheni hayo mapanga. Yeye kalishikilia ndiyo maana sikuvunjika mguu mzima."

Hakuna aliyesogea. Kisha bombani kukasikika mkoromo, hewa inatoka, na Haji akapaza sauti kwamba maji yanakuja. Wanawake wakaanza kuyapanga mawe haraka haraka. Mtu mmoja akarudisha panga chini ya tandiko, mwingine naye akarudisha, wakaona aibu kubaki wameyashika.

Mujibu alipelekwa zahanati kwenye baiskeli ya yule kijana wa Chiheku. Sabina aliwafuata kwa miguu, akiwa mchanga mtupu, na njia nzima moyo wake ulikuwa unasema neno moja. Damu. Hata ya mtu mmoja.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulikuwa umeng'oka. Severina alisafisha, akafunga, akavuta droo, akatoa daftari. Mama Mujibu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mwanawe, kanga ameivuta mpaka kichwani.

"Mama Alfredi," alisema Sabina kwa sauti ya chini, "na hili tunaliandika? Si la ugomvi hili. Limeteleza tu."

Severina akamtazama juu ya miwani. "Miezi minne wananiambia wamejikata kwenye palizi, tunawacheka. Sasa wewe unataka kupalilia?"

Sabina akakaa. Aliona akilini karatasi ya majina kumi na manne, na la kwanza. Akisema kweli, gari linakuja na Mujibu anapandishwa na mguu wake uliofungwa bandeji. Akisema uongo, daftari limekuwa takataka, na siku Ladislaus atakapojua, misako haina mwisho. Aligeuza kalamu vidoleni. Alitamani kulia, kusema kweli, na machozi ya mtu mzima yanauma.

Akalivuta daftari. Siku: Jumamosi. Saa: kumi na mbili kasorobo. Mahali: shimo la bombani. Chombo: jiwe. Alipofika kwenye mstari wa sababu mkono ulisimama kidogo, kisha ukaandika: Polisi kata alitupa mawe ya watu bila kuwauliza.

Akapiga simu mwenyewe, pale pale, mbele ya wote.

"Kuna damu, afande. Mtu mmoja."

"Panga?"

"Jiwe. Kidole gumba cha mguu."

"Nani kamuumiza?"

"Mimi, afande."

"Wewe nani?"

"Mimi Sabina." Akaeleza yote, mawe, shimo, namba nne, mapanga yaliyotoka na yaliyorudi. Hakuacha kitu. Severina akamsogezea kikombe cha maji.

Ladislaus alihema. "Sasa unataka nilete karandinga nikukamate wewe?"

"Ukiona inafaa, afande."

"Jumamosi iliyopita walikuwa wangapi kwenye hilo daftari?"

"Wanne. Watatu mkono wa kushoto, mmoja kichwani."

Kisha Sabina akamsikia Ladislaus akimwambia mtu, mbali na simu, "Zima gari." Akarudi. "Jumatano nakuja mwenyewe kulisoma. Hiyo karatasi ya majina naifungia droo, sijaichana, usije ukasherehekea. Na Sabina, mawe ya watu uyaache."

"Ndiyo, afande."

Sabina akaweka simu. Mujibu alikuwa anamtazama. Akatoa ile sigara sikioni, ilikuwa imekatika vipande viwili, akaitupa kwenye ndoo ya pamba.

Sabina akasimama aende zake, akajipangusa mchanga, akatafuta kofia, akakumbuka iko kwa Haji. Alifika mlangoni.

"Afande," aliita Mama Mujibu. Hakugeuka. Alikuwa anatazama bandeji ya mwanawe. "Asubuhi ya leo ulipita kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniamkia."

"Nilikuamkia, mama."

Mama Mujibu akalikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Marahaba," alisema. "Na Jumatano uje mapema, unisaidie kulitoa shimoni lile jiwe. Huyu sasa hawezi kulibeba."